Namba ya dola ku kioo cha motokari

Wandugu, ile karatasi yenye kubandikwa ku kioo cha kila motokari mupya mu Marekani inazunguka tena ku matelefone yetu. Wenzetu wa kule wanaipiga picha, wanaituma, na chini wanaandika: muone vile ya umeme inakula kidogo, esanse inatumalizia makuta. Niliisoma mwanzo mpaka mwisho, na niko na maneno juu yake.

Sifa kwanza. Ni serikali njo iliweka kanuni yake, muuzaji haachiwe ajisifu mwenyewe. Motokari zote zinahesabiwa kwa mwendo mmoja: maili 15,000 kwa mwaka, karibu kilometa 24,000, asilimia 55 mu muji na 45 ku barabara kubwa. Hata kwa kulinganisha vitu visivyofanana walitafuta njia: galoni moja ya esanse ni sawa na kilowati-saa 33.7 za umeme. Hiyo ni kazi safi. Bila kipimo kimoja, kila mutu angehesabu vile anapenda, na ku grupu yetu tunajua vile mabishano ya namna ile yanaishaka.

Shida iko ku ile namba kubwa ya dola, gharama ya mwaka mzima. Imeandikwa kama vile ni tabia ya motokari. Lakini bei ya umeme wameichukua moja ya katikati kwa nchi nzima, na bei ya umeme inategemea sana mahali mutu analala.

Tuhesabu. Tuseme motokari ya umeme inakula kilowati-saa 30 kwa maili 100. Kwa mwaka ni 4,500. Mwenye lupango lake anaichomeka usiku. Kama analipa senti 16, mwaka unamugharimu dola 720. Ya esanse yenye kutembea maili 30 kwa galoni inataka galoni 500. Kwa dola 3.50, ni dola 1,750. Zaidi ya dola elfu moja zinabaki mu mufuko. Kweli kabisa.

Sasa mupangaji wa ghorofa ya tatu, hana prizi kwenye anaegesha. Anachaji ku kituo cha haraka, na kule bei inaweza kuwa mara mbili ama tatu ya nyumbani. Kwa senti 48, zile 4,500 zinakuwa dola 2,160. Motokari ni ileile, lakini esanse imeshinda. Na ndugu zetu wenye kufika kule juzi, wengi wanakaa wapi? Si mu nyumba za kupanga? Ni wao njo wanaingia mu deni la miaka mitano ama sita juu ya picha moja.

(Karatasi inapatia ya umeme 10 kwa 10 juu ya moshi pia, kwa sababu wanapima paka moshi wa kutoka nyuma ya motokari. Mutu wa Kolwezi, mwenye kuona kobalti inapita kila siku, atacheka kidogo.)

Kuna wengine wanachukua ile namba wanaileta mpaka Lubumbashi, eti tuagize za umeme. Hapa sikubali hata kidogo. Umeme ukikatika siku mbili, utachaji na jenereta. Jenereta ya nyumbani inatoa karibu kilowati-saa tatu kwa litre ya mazutu. Motokari ya umeme inataka karibu 20 kwa kilometa 100, kwa hiyo unachoma litre sita ama saba za mazutu. Toyota ndogo ya esanse inakula karibu vilevile, na haikuombe kununua jenereta.

Siko naikataa motokari ya umeme; mwenye prizi na umeme wa kila usiku ainunue leo. Ila mwenye kututumia ile picha mara ingine, aandike chini mambo mawili: anachaji wapi, na kilowati-saa moja anailipa ngapi.