Ini Halikupaswa Kuingia Friza

Kila aliyetazama video ile ya mafunzo ya sampuli kutoka machinjioni Tunduma anajua ni wakati gani ninaousema. Wembe ulikuwa mpya, bafa imepimwa pH 7.4, chupa zina lebo: kazi safi. Kisha mkufunzi akatazama saa, akasema basi la Dar es Salaam huondoka alfajiri, na kipande chote cha ini, kinene kama kidole gumba, kikaingia friza. Glutaraldehaidi, dawa ya kufiksi tishu kwa ajili ya hadubini elektroni, ingesubiri kesho. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na hatua zote zilizofuata hazikuweza kuuokoa.

Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri hugandisha polepole. Maji ya ndani na nje ya seli hupata muda wa kujenga fuwele, fuwele hukua, utando huchanika. Ukiyeyusha, vimeng'enya vilivyofungiwa ndani ya laisosomu humwagika na ini huanza kujila. Glutaraldehaidi ukiitia hapo, inakaza uharibifu huo kama ilivyoukuta. Osmiamu tetroksaidi inafuata, kisha alkoholi, kisha resini. Unakata vipande vya unene wa nanomita 70 na kuvipaka risasi na yurani, halafu kwenye skrini unaona matundu matupu mahali palipokuwa na glaikojeni na mitokondria.

Na pale kilichotafutwa ni athari ya sumukuvu kwa ng'ombe aliyelishwa pumba za mahindi yaliyovunda. Sumukuvu huonekana kwenye nyukleoli, sehemu zake zinapotengana, na kwenye retikulamu inapoachwa na ribosomu zake. Nani atayaona hayo katika seli iliyopasuliwa na barafu? Mkoa wa mahindi kama Songwe haupaswi kuchezea swali hili. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na ini ndilo lililoanza kushindwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kisingizio cha basi. Ini lililokatwa vipande vya milimita 1 na kukaa saa chache kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 2.5 halina haraka tena. Unalihamishia kwenye bafa baridi, si ya kuganda, nalo linasafiri hadi Dar likiwa salama. Urefu wa barabara ni sababu ya kufiksi mapema, palepale mezani.

Nimeshasema na narudia: tabia hii tumeletewa na PCR. Anayetafuta DNA au RNA ana haki ya kugandisha, kwa kuwa hahitaji utando uwe mzima. Lakini sasa kila mwanamaabara kijana anafundishwa kwamba baridi kali ndiyo hifadhi ya kila kitu. Kuna njia halali ya kugandisha kwa ajili ya hadubini elektroni: shinikizo la angahewa zipatazo 2,000, kwa kipande kisichozidi sehemu ya tano ya milimita. Friza ya machinjioni haina uwezo huo.

Waliotangulia walikuwa makini kuliko sisi. Mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba kipande cha uvimbe wa mtoto kutoka Uganda, kilichotumwa kwa njia ya daktari Denis Burkitt, ilizuiwa na ukungu London ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia mtafiti Anthony Epstein, kimiminika kilikuwa na ukungu kama kilichoingiwa na bakteria. Hakukimwaga. Aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli hai zinaelea. Yvonne Barr akashughulikia ukuzaji, Bert Achong maandalizi ya hadubini elektroni, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikatangazwa. Safari yao ilikuwa ndefu kuliko ya Tunduma, tena ikacheleweshwa, lakini walijiuliza kwanza tishu inahitaji nini.

Vipande vya ini la kwenye video ile visisomwe na mtu wala kuwekwa kwenye ripoti. Warudi machinjioni, wadondoshe glutaraldehaidi juu ya ini likiwa bado na joto la mnyama, na walikate ndani ya tone hilohilo kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za basi.