Je, Kuku Ni Mashini? Neno juu ya Kitabu cha Ruth Harrison

Hapa Lushebere, ukiwaambia wachungaji kwamba kuna ng'ombe asiyekanyaga majani tangu kuzaliwa mpaka kufa, watacheka. Ng'ombe wao wako mulimani, tunasikia sauti yao wakati wa Misa ya asubuhi, na maziwa yao yanatoa ile fromaji ya muviringo ambayo watu wa Goma wanaipenda sana. Kwa hiyo tulipoanza kusoma pamoja na mafratri kitabu cha Ruth Harrison, Animal Machines, kilichotoka Uingereza mwaka 1964, fratri mumoja alisema: "Padri, hayo ni mambo ya Wazungu." Siku ile hatukumujibu vizuri. Tujaribu sasa.

Mama huyu hakuwa mwalimu wa filosofia. Alikwenda kuona, akaandika aliyoyaona: kuku wa mayai katika matundu ya waya, wamebanana hata hawawezi kufungua mabawa, ndama waliofungwa katika masanduku gizani, wakinyimwa chakula chenye chuma kusudi nyama yao ibaki nyeupe, kwa sababu wanunuzi waliipenda hivyo. Kitabu kilitikisa Uingereza. Serikali iliweka tume ya Profesa Brambell, nayo mwaka 1965 ikasema kwamba munyama anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo. Pima neno hilo, ndugu musomaji: tume nzima ya wataalamu ili kusema ndama apate nafasi ya kugeuka! Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa sheria mwaka 1999, na matundu yale ya zamani yakakatazwa tangu mwaka 2012. Lakini desturi yenyewe imekwisha kuenea duniani.

Nguvu ya kitabu ni kwamba mwandishi hatuombi machozi. Anaonyesha, basi. Lakini kuna jambo moja linalotusumbua. Anaandika kwa watu wenye nyama mezani kila siku. Katika milima yetu nyama ni ya sikukuu, na mama aliyeona mutoto wake akivimba miguu kwa bwaki hawezi kusikia maneno haya kama mwanamuke wa London. Mama yule akishuka Goma, atakuta sokoni kuku wa barafu aliyetoka ng'ambo ya bahari, na bei yake mara nyingi ni chini kuliko ya kuku wa kijiji. Kuku huyo ametoka wapi? Katika mabanda yaleyale ambayo Harrison alianza kuyaandika. Ndiyo maana fratri wetu alikosea: mambo ya Wazungu yamekwisha kufika katika sufuria yetu.

Sasa tuingie katika mafundisho. Mutakatifu Tomaso anafundisha kwamba ukali juu ya wanyama ni mubaya hasa kwa sababu mukono uliouzoea utageukia watu. Katika Masisi hatuhitaji ushuhuda mwingine. Mwaka 1993, vita vilipoanza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, na kupanda mpaka kwetu, watu waliuawa, na ng'ombe wao wakakatwakatwa vilevile. Lakini sababu hii peke yake haitoshi kwa banda la kiwanda. Mule ndani hakuna mukono mukali. Mufanyakazi ni mutu mupole, anafungua bomba la maji, anasoma hesabu, anarudi kwa watoto wake bila hasira. Hakuna aliyekuwa mukali, hata hivyo kuku elfu nyingi wameteseka maisha yao yote. Tukibaki na sababu ile moja tu, banda litapita bila hukumu.

Harrison alilitambua jambo hili, na Kanisa halikunyamaza. Katekismu ya mwaka 1992 inaruhusu kula nyama, lakini inasema pia kwamba kuwatesa wanyama bila lazima kunapingana na heshima ya mwanadamu. Kardinali Ratzinger, katika mazungumuzo yaliyochapishwa mwaka 2000, aliwataja kuku hao waliobanwa hata hawafanani tena na ndege. Basi ugumu wote uko katika lile neno "lazima". Bwaki ni lazima. Je, tamaa ya padri aliyekwisha kushiba ni lazima pia?

Kwa maana sisi nasi tuko katika kesi hii. Tumewaona mbuzi wakifungwa kwenye piki, kichwa chini, kutoka Masisi mpaka Goma. Siku tulipopewa upadri, wakristu walituletea beberu. Alilala amefungwa miguu juani tangu asubuhi, bila maji, mita chache tu na mahali tulipokuwa tukiimba. Tulimula kwa furaha. Hatukumuona.

Juma lijalo tunafika kwenye sura ya ndama. Mafratri wameomba twende kwanza kwa wachungaji saa ya kukamua, kuona kama ndama ananyonya kabla ya ndoo ao kisha.