Usiku wa Kuandika Wasifu

Katika misiba yetu kila kazi ina mwenyewe. Wapo wanaochimba kaburi, wapo wanaofunga turubai na kupanga viti vya kukodi, yupo wa daftari la rambirambi, wapo akina mama wanaokesha jikoni na masufuria makubwa. Na yupo mtu mmoja, mara nyingi mwalimu au kijana aliyesoma, anayeitwa pembeni na kuambiwa, "Wewe utaandika wasifu." Hupewa usiku mmoja. Asubuhi karatasi iwe imechapwa, maana ibada ni saa nane na mchungaji ana msiba mwingine jioni. Wachimba kaburi hushukuriwa mbele ya watu. Mwandishi wa wasifu hatajwi, na sidhani kama anataka kutajwa; lakini kazi yake ni ufundi kamili, na mimi nauheshimu kuliko uandishi mwingi unaopewa tuzo.

Ufundi huo hupimwa zaidi anapofariki mke na mama. Wasifu wa mwanamume aliyeajiriwa hujiandika nusu: shule, ajira, uhamisho, cheo, kustaafu, na kila hatua ina barua yake ndani ya faili. Mke wake aliyelima, akauza, akalea, ameacha karatasi chache: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, kitabu cha kikundi cha akiba cha VICOBA. Mwandishi mvivu hupanga tarehe hizo, kisha hujaza pengo kwa sifa. Marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mkarimu, mwenye upendo kwa watu wote. Huenda yote ni kweli. Ila maneno hayohayo yalisomwa juzi kwa jirani, na yatasomwa tena wiki ijayo, na waombolezaji wameshayazoea kiasi kwamba hupangusa machozi kwa mambo mengine kabisa.

Fundi huanzia jikoni. Kabla ya kumfuata mume, huenda kuketi karibu na wanawake walio mikekani: dada zake marehemu, wifi zake, wenzake wa kikundi, yule mmoja aliyecheza naye utotoni na amesafiri usiku kucha kuja kuzika. Huuliza alifanya nini. Ukiuliza alikuwaje, utapewa zilezile sifa. Msibani kwa mama mmoja wa mtaani kwetu Muheza niliambiwa kwamba yeye ndiye aliyewakanda wazazi wa mtaa mzima kwa maji ya moto, na kwamba alikuwa akipeleka uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai kabla hakujapambazuka, ili mzazi akiamka aukute. Hakusubiri kuitwa. Alisikia kitoto kinalia nyumba ya nani, basi. Nikaiandika hivyo, na neno "mkarimu" sikulitumia popote. Ilipofikiwa sentensi hiyo siku ya mazishi, wanawake wengi pale uwanjani walikuwa wanasikia habari zao wenyewe.

Miaka ya mama haipatikani ofisini. Ukimuuliza dada yake mtoto wa kwanza alizaliwa lini, atakuambia, "Mwaka wa unga wa Yanga." Hapo mwandishi anayeijua nchi yake hupata mwongozo: ukame wa mwaka 1973 na 1974, mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu walioamua kuuita unga huo kwa rangi ya jezi ya Yanga. Mwingine alizaliwa vijana walipokuwa vitani Kagera, yaani 1978 au 1979. Anayefuata ni wa wakati wa foleni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zilipokuwa zikitafutwa kama dawa. Mwaka ukishapatikana, usiuache peke yake. Uliza: wakati hakuna sabuni, nepi za mtoto zilifuliwa na nini? Kwa majani ya mpapai, utajibiwa, na anayejibu atatazama viganja vyake. Nimesoma vitabu kadhaa vya historia ya uchumi wetu wa miaka ile, na sijaona kilicholieleza jambo hilo kwa uzito unaolistahili.

Ndipo umwendee mume. Yuko nje chini ya mwembe na wazee wenzake, ameshikwa mkono tangu asubuhi na kila aliyefika, na maneno yamemwishia. Yule wa Muheza alikuwa karani wa reli, amehamishwa Tanga, Korogwe, Moshi, na kurudi. Nilikaa naye muda mrefu bila kuuliza kitu. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mimi nilijua siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote za mwezi alizijua yeye." Akaeleza jinsi alivyokuwa akiziweka fedha mezani, na mke wake akizigawa: ya ada, ya unga, ya mafuta ya taa, na ile ndogo aliyoifunga kwenye pindo la kanga, ambayo hakuna aliyeiulizia mpaka siku mtoto alipougua. Nilimwomba ruhusa niyaandike maneno yake kama alivyoyasema. Akakubali, kisha akaniuliza kama nimeandika jina lake vizuri.

Alikusudia jina la mkewe, lile alilozaliwa nalo. Mama yule alikuwa ameitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa muda mrefu hata baadhi ya majirani hawakujua kwamba ana jina jingine. Sisi wanaume wa mwambao na bara yake tumezoea kusema "mama watoto" au "watu wa nyumbani", na ni heshima. Lakini siku ya mwisho lazima mtu mmoja amtaje mke kwa jina lake, hadharani, bila haya. Shaaban Robert alifanya hivyo. Alipofiwa na mkewe alimtungia shairi la maombolezo, akalipa jina la marehemu mwenyewe, Amina, na ndani yake anazungumza naye moja kwa moja. Mwanamume aliyezaliwa mwaka 1909, aliyeishi kwa kazi za ofisi za serikali ya kikoloni, hakuona kwamba utu uzima wake umepungua kwa kulia kwa vina na mizani mbele ya wasomaji. Huyohuyo alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili, kisha akaandika wasifu wa Siti binti Saad, msichana wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla sauti yake haijaingia kwenye sahani za santuri. Nikitafuta mwalimu wa kazi hii ya usiku mmoja, humrudia yeye.

Na yupo aliyemtangulia, mwanamke, ambaye hakungoja aandikiwe. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Utendi wake husomwa kama mausia ya ndoa, na wengi hubishana juu ya mausia hayo. Mimi husimama zaidi pale anapoieleza ndoa yake mwenyewe, jinsi walivyoishi bila ugomvi na jinsi mumewe alivyoondoka akiwa radhi naye. Huo ni wasifu wa mke uliotoka kinywani mwake.

Kwa ndugu zetu Waislamu maziko huharakishwa, mara nyingi siku ileile, na hakuna karatasi inayosomwa kaburini. Habari za mama husimuliwa baadaye, kwenye hitima na arobaini, wanawake wakiwa ndani. Ufundi ni uleule, tena mgumu zaidi, maana huna pa kuchungulia.

Watoto ndio wanaomchosha mwandishi kuliko wote. Kila mmoja amefiwa na mama tofauti. Wa kwanza anamjua aliyekuwa na haraka, aliyemtwisha ndoo ya maji angali mdogo na kumchapa kwa kuchelewa, aliyekula naye ugali wa njano bila mboga. Wa mwisho anamjua mama wa miwani, aliyekaa sebuleni kutazama taarifa ya habari na kusamehe kila kitu. Usiku ule wanaweza kugombana, kila mmoja akidhani mwenzake anamsingizia marehemu. Kukata katikati hakufai. Waandike wote wawili, kwa mpangilio wa miaka, na msomaji ataona mwenyewe jinsi mwanamke mmoja alivyolegea kadiri njaa ilivyokuwa ikilegea.

Kisha kuna sauti. Wasifu huandikwa usikike, tena uwanjani, kwenye upepo na kipaza sauti kinachokoroma, mara nyingi na mjukuu anayetetemeka. Sentensi ziwe fupi za kutoshea pumzi. Jambo litakalomliza msomaji lisikae mwanzoni, la sivyo hatafika mwisho.

Limebaki la idadi. Desturi ya wasifu ni kuhesabu walio hai: ameacha mume, watoto watano, wajukuu kadhaa. Wana wa marehemu wa Muheza waliniambia niandike watano, na kwa hesabu ya kuacha walikuwa sahihi. Dada yake mkubwa alikataa. Alisema mdogo wake hakuwahi kujibu "watano" alipoulizwa ana watoto wangapi. Alijibu "saba", na waliokuwa hawajui walidhani wawili wako mbali kikazi. Mmoja alifariki kwa surua, mwingine hakumaliza siku arobaini. Kaka mkubwa alihofia baba yake ataumia kuyasikia majina hayo mbele ya watu. Tukamwendea mzee kumuuliza. Akayataja yote mawili bila kusita, na la yule mchanga akalitaja kwa herufi, lisije likakosewa wakati wa kuchapa. Karatasi iliyosomwa alasiri ile ilisema watoto saba, na majina saba yakasomwa kwa mpangilio wa kuzaliwa.