Kifungo, Redio na Bundi wa Kijani

Teknolojia ya kufundishia Kiingereza iliyonikaa kichwani kuliko zote haina betri wala haihitaji bando. Ni kifungo. Ngũgĩ wa Thiong'o anakisimulia katika Decolonising the Mind (1986): kilianzia kwa mwanafunzi mmoja, naye akampa yeyote aliyemsikia akizungumza lugha ya mama, na huyo akamtafuta mwingine. Jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, na yule akamtaja wa kabla yake, mpaka wahalifu wote wa siku wakajulikana. Kiswahili kimetusaidia hapa bila kukusudia, maana kwetu kifungo ni cha shati na pia ni cha jela.

Nakitaja kwa sababu mijadala yetu kuhusu simu na Kiingereza huanzia kwenye simu, eti zamani kulikuwa na mwalimu na chaki tu. Si kweli. Vyombo vilikuwepo, na kila kimoja kinaweza kuulizwa swali lilelile: mwanafunzi akimaliza somo, ana la kusema ambalo ni lake?

Chukua redio. Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianza kurusha Special English: msamiati wa takriban maneno 1,500, sentensi fupi, msomaji anasoma taratibu. Mimi ni mwandishi wa habari, kukata maneno ndiyo kazi inayonilisha, na kazi yao naiheshimu. Lakini kilichonivuta zaidi ni hadithi fupi za Kimarekani walizozipunguza mpaka zikaenea ndani ya maneno hayo. O. Henry alifaidika. "The Gift of the Magi", kama alivyoiandika mwenyewe, imejaa madoido. Mwandishi anajipenda kidogo, anakukonyeza kila baada ya mistari mitatu. Ukiyaondoa hayo kinabaki kisa: mke ameuza nywele zake amnunulie mumewe mnyororo wa saa, kumbe mume ameuza saa amnunulie mkewe vichanuo vya nywele zilezile. Hakuna anayehitaji neno la 1,501 ili aumie hapo. Kwa Poe, mambo yalikuwa mengine. Katika "The Tell-Tale Heart" wazimu wa msimuliaji uko kwenye pumzi yake, anavyokatisha, anavyorudia, anavyoharakisha. Nyoosha sentensi hizo, zisome polepole, na muuaji anageuka mtu anayetoa maelezo kituo cha polisi.

Hata hivyo msikilizaji alipewa kitu kizima. Hadithi ilianza, ikaenda, ikaisha, na kesho yake angeweza kumhadithia jirani kwa lugha yoyote. Hayo kwangu ni mawasiliano, japo redio yenyewe haikuwa na masikio. Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapeleka likizo karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika. Watu wakazungumzia habari na siasa. Mimi niliwaza hadithi.

Sasa njoo kwenye Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012. Nimejaribu kuisoma kama kitabu, yaani kumtafuta msimuliaji. Hayupo. Sentensi moja mtu anaagiza chai, inayofuata ni ya paka, ya tatu ni ya dada wa mtu tusiyemjua wala hatutamjua. Neno halijibu neno. Ina sehemu ya hadithi fupi, na hiyo ni afadhali mara kumi, ila kinachokurudisha kesho si kutaka kujua yule dada aliishia wapi. Ni hesabu ya siku mfululizo, na bundi wa kijani anayekukumbusha. (Bundi, jamani! Kwetu akilia juu ya paa watu hawalali.)

Siibezi. Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma kwa Kiswahili mpaka amalize msingi, kisha kidato cha kwanza fizikia inamjia kwa kimombo. Akichanganya "r" na "l" darasa zima linaangua kicheko. Simu haicheki. Kwa aliyewahi kuchekwa akaapa hatanyoosha mkono tena, hilo si jambo dogo.

Wasiwasi wangu uko kwenye chombo kipya zaidi, programu za akili mnemba. Hizi hazicheki, na zinajibu. Tatizo ni kwamba zinasahihisha mpaka mwenye maneno anapotea. Nilichukua ukurasa wa The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, Mnigeria aliyesoma shule miaka michache tu, nikaiambia programu moja irekebishe Kiingereza chake. Riwaya hiyo ni ya mlevi anayemfuata mgema wake mpaka mji wa wafu, na Faber and Faber walipoitoa London mwaka 1952 waligusa lugha yake kidogo tu. Baadhi ya wasomi wa kwao waliona aibu: dunia itatuonaje? Ukurasa ulinirudia baada ya sekunde chache, nyakati zote za vitenzi zimekaa sawa. Mizimu ilikuwepo yote, lakini ilizungumza kama wajumbe wa semina. Tembo lilikuwa limetiwa maji, na mgema hata hakusifiwa.

Tutuola alipata wahariri waliosoma, wakafikiri, wakaamua kuacha. Kijana wa kidato cha pili anayebandika insha yake kwenye programu hiyo usiku, ili asichekwe asubuhi, haulizwi ni sentensi ipi angependa ibaki kama alivyoiandika.