Forescom ni nzuri. Mbao zake zilitoka wapi?

Bandugu, kila mtu wa Lushi anayefika Kinshasa mara ya kwanza anarudi na foto mbili: moja ya mto, ingine ya jumba la Forescom. Mi pia ninazo mu telefone. Lakini nimechoka na maneno tunayoandika chini ya ile foto ya pili. "Art deco." "Wakati ule mji ulikuwa mji." Halafu mioyo mitatu myekundu, basi. Jumba kama lile linastahili zaidi ya mioyo.

Tuanze na sifa, maana sifa iko. Forescom ilijengwa mu 1946, mu mtaa tunaoita leo Gombe, wakati Kinshasa ilikuwa bado Léopoldville. Etaje 10. Leo etaje 10 haishtui mtu, lakini kwa wakati ule njo ilikuwa gratte-ciel ya mji, ya kwanza kabisa. Pembe yake haikukatwa kwa ncha, imezungushwa, sawa vile pua ya meli. Wanaojua ujenzi wanaita mtindo huu paquebot, yaani meli ya abiria, na ulipendwa sana Ulaya na Marekani mu miaka ya 1930. Mara nyingi ni mapambo tu. Pale Kinshasa meli ina maana: mji uliishi kwa mto, na mwenye jumba aliishi kwa vitu vilivyoshuka na mto. Ungejenga meli ile huku kwetu, watu wangecheka. Ule mto unaoitwa Lubumbashi hata pirogi ya maana unaibeba kwa shida.

Mi ni agronome, ujenzi sikusomea. Lakini kivuli nakijua. Kinshasa iko karibu digrii 4 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo saa sita jua linakaa juu sana mwaka mzima. Baraza likitoka nje kidogo, ukuta na dirisha la chini vinapata kivuli bila kulipa mtu. Dirisha likifunguka, joto linatoka na upepo. Ni akili ileile ya kitalu: mche wa kahawa unautafutia kivuli mbele ya kuuliza maji. Walioijenga ile nyumba hawakutegemea klimatizeri, walilazimika kufikiri.

Sasa angalia nyumba zinazopanda mu centre-ville yetu miaka hii. Ukuta mzima ni kioo cha buluu, madirisha mengi hayafunguki. Inapendeza siku ya kufungua na kukata kamba. Halafu mwezi wa kumi unafika, mvua haijaanguka, delestaje inapiga, na ile ofisi inakuwa serre ya kuoteshea tomati. Tofauti ni kwamba tomati hamna. Watu wanatoka kukaa nje chini ya jacaranda, mti uliopandwa na mtu asiyejua neno architecture. Kwa upande huu Forescom inatushinda, na ina karibu miaka 80.

Lakini soma jina lake. Forescom ni forestière et commerciale: kampuni ya misitu na biashara. Jumba zima ni jina la kampuni lililosimamishwa wima. Ukitaka kuona upande wake wa pili, Gombe hautauona. Panda mto mpaka Nioki, ku Mfimi, mu Mai-Ndombe ya leo, ile walikuwa wanaita Lac Léopold II. Kule njo kampuni ilikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Ni inchi ya wenge, ule mti mweusi mzito ambao Ulaya wanautandika chini mu nyumba zao. Mti kama huo unachukua miaka mingi sana kufikia unene wa kukatwa, na jumba lilipanda haraka kuliko mti mmoja. Kule hakuna anayepiga foto na kuandika art deco.

Na ndani ya ule mji, nani alipita chini ya lile jumba akiwa huru? Mu Léopoldville ya miaka ile, mwafrika alihitaji karatasi ya ruhusa kutembea usiku mu mtaa wa wazungu. Kwa hiyo "mji ulikuwa mji" ni maneno ya mtu aliyekuwa na ruhusa.

Tusiwacheke bakinois. Sisi tulikuwa na zone neutre, karibu mita 700 za wazi kati ya mji wa wazungu na Kamalondo, na sababu waliyotoa ilikuwa malaria na mbu. Sammy Baloji, mutoto wa huku, aliitengenezea kazi mu 2013: foto za mji kutoka juu, pembeni yake masanduku ya nzi waliokaushwa kwa pini. Ukiisha kuona kazi ile, plani ya mji wa Lubumbashi hauisomi tena vilevile.

Tofauti ya kweli kati ya Kin na Lushi mi naiona hapa. Sisi hatukupata meli nyeupe ya etaje 10. Kitu chetu kirefu ni bomba la moshi la Gécamines, zamani Union Minière, na pembeni yake kilima cheusi cha mabaki, ile terril. Shaba ya kwanza ilitoka pale mu 1911. Pesa iliyojenga mahoteli na mahakama ya zamani ya centre-ville ilipitia mu tanuru lile, na ukipiga foto ya mji bila kuangalia vizuri, bomba linaingia mu foto. Haulifichi. Hata udongo unasema: upepo ulipeleka moshi upande wa Penga Penga, miombo ikafa, udongo ukabaki uchi na chuma cha sumu ndani. Wenzetu wa Fakilte ya Agronomia walienda kupanda pale Microchloa altera, jani dogo linalovumilia shaba, ili udongo ushikamane. Ukisimama pale, bei ya mji wetu unaikanyaga kwa mguu.

Forescom inaonekana haina kosa kwa sababu msitu wake uko mbali. Ni hivyo tu. Pua yake ya meli inapendeza, na hakuna mtu wa Gombe anayeona gogo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema urithi ni kulinda rangi na mistari. Linda, ndiyo, ningelia siku wakiifunika kwa kioo cha buluu. Ila siku watakapoweka kibao pale mlangoni, mwaka 1946 na neno art deco havitoshi, waandike na Nioki. Na kama kati yenu kuna aliyezaliwa Mai-Ndombe, mwenye foto ya kile kiwanda, hata ya babu yake akiwa na msumeno, anitumie. Nataka kuziweka pamoja, hiyo na ya kwangu ya Gombe, bila mioyo.