Kati ya Karai na Sahani: Saa za Kula Thika na Ruiru

Ukitaka kupima hoteli ya Thika, weka menyu kando utazame saa. Chapati iliyokufanya ukisifu kibanda cha Makongeni saa saba mchana inaweza kukukatisha tamaa saa kumi, ilhali mpishi ni yule yule, unga ni ule ule na jiko halijahamishwa. Kilichobadilika ni kwamba wateja wamerudi kazini na chapati zimebaki. Ndiyo maana sibishani na mtu anayesema pale ni pazuri au pale ni pabaya mpaka aniambie alikula saa ngapi.

Thika na Ruiru zote ziko Kaunti ya Kiambu, kwenye barabara moja, na kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 20. Lakini miji hiyo haishikwi na njaa wakati mmoja. Thika ni mji wa viwanda. Watu waliwahi kuupachika jina la Birmingham ya Kenya, na hadi leo mafuta ya Bidco, unga wa Soko wa Capwell na mikate ya Broadways hutoka huko. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ambao hula kwa ratiba ya masomo na kwa mfuko mwembamba. Hao wote wako mjini mchana. Ruiru ni kinyume chake. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huo watu 490,120, karibu mara mbili ya 251,407 wa Thika, ila wengi wao huiona Ruiru gizani: hutoka alfajiri kuelekea Nairobi na kurudi jioni. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa Novemba 2012, iliwarahisishia maisha hayo ya kulala huku na kufanya kazi kule.

Kwa hiyo Thika hupika ikilenga saa saba mchana, nayo Ruiru hulenga alfajiri, saa moja jioni na Jumapili. Ukishalijua hilo, hutashangaa kwa nini sahani moja inapendeza mji mmoja na kuchusha mji wa pili.

Chukua chapo madondo, yaani chapati kwa maharagwe, mlo ambao bila huo viwanda vya Thika vingesimama. Donge hukandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, kisha huachwa lipumzike. Mapumziko hayo si uvivu. Unga wa ngano uliokandwa huwa na mvutano, na ukiusukuma kabla haujalegea, chapati hurudi nyuma, ikabaki nene katikati na nyembamba pembeni. Baada ya nusu saa hivi donge hutii. Hapo mpishi hulisukuma, hulipaka mafuta, hulikunja, hulizungusha na kulisukuma upya. Yale mafuta yaliyofungiwa ndani ndiyo yanayotenga tabaka na tabaka. Wengi huishia hapo wakidhani siri yote wameijua.

Siri iliyobaki iko kwenye rundo. Chapati zikitoka motoni hupangwa moja juu ya nyingine na kufunikwa kwa kitambaa, na mvuke wake wenyewe huzilainisha. Kwa muda mfupi rundo hilo huziboresha. Zikikaa mno, hasa ndani ya chombo cha plastiki kilichozibwa kabisa, mvuke hugeuka maji, zile za chini huloa, na zote zikishapoa wanga wake hukaza. Mpishi aliye karibu na kiwanda ana bahati ambayo haitokani na kipaji: anajua wateja wake watafika kwa mkupuo. Huanza kusukuma asubuhi, humaliza kengele inapokaribia, na rundo lake halizeeki. Mwenzake wa Ruiru, mwenye ufundi ule ule, hukaa mchana kutwa akibahatisha. Nikiwa Ruiru mchana huagiza ugali, kwa sababu ugali husongwa ukiagizwa, na mboga ikirudishwa motoni haidhuriki sana. Madondo nayo huzidi kuwa matamu yanavyokaa ndani ya sufuria. Tatizo ni chapo peke yake.

Alfajiri mambo hugeuka. Kwenye steji za Ruiru, kabla hakujapambazuka, karai huwa tayari limeshika moto na mandazi hayapati nafasi ya kupoa. Ubora wa andazi unategemea joto la mafuta. Mafuta yakiwa ya moto wa kutosha, maji yaliyomo kwenye donge hugeuka mvuke ghafla, andazi hufura na kuacha uwazi ndani, na ule mvuke unaotoka huyazuia mafuta kuingia. Yakiwa vuguvugu, andazi hukaa mafutani kwa muda mrefu na kunywa. Kosa la kawaida ni tamaa: mpishi hutumbukiza mengi kwa pamoja, joto likashuka, na wote wanaonunua mkupuo huo wakabaki wakifuta vidole kwenye gazeti. Tazama karai kabla hujatoa pesa. Kama mandazi yanaelea kwa nafasi na mapovu ni mengi, nunua. Kama yamebanana na karai limenyamaza, ngoja mkupuo ujao au panda matatu.

KDF, kile kitafunwa kigumu cha kukaangwa, ni jibu la tatizo hilo hilo kutoka upande mwingine. Donge lake ni kavu zaidi, hukatwa vipande vinene na kukaangwa polepole hadi ndani. Ni gumu tangu mwanzo, kwa hiyo halina ulaini wa kupoteza. Limeundwa lingoje, na ndiyo maana linasafiri vizuri kwenye mkoba wa mwanafunzi au wa fundi wa mjengo. Wanaolicheka wanalipima kwa kipimo cha andazi, na hilo si haki.

Chai ya kuteremshia vitu hivyo ni sehemu nyingine ya kumjua mpishi. Yetu hupikwa maziwa, maji na majani pamoja, na maziwa hayana sababu ya kukosekana katika mji wa Ruiru, ambako kampuni ya maziwa ya Brookside imeweka makao yake makuu. Majani yakiachwa ndani baada ya chai kuiva, huendelea kutoa ukali hadi sukari inashindwa kuuficha. Mpishi mzuri huchuja kwanza, ndipo akatia kwenye chupa. Na kwa kuwa tuko Ruiru, niseme hili la pembeni: hapa ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, mbegu inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hata hivyo, ukiomba kahawa kibandani utaletewa maji ya moto na unga wa kwenye kopo. Kahawa yetu nzuri hupanda meli.

Chipsi ni za miji yote miwili, tena za usiku na mchana, na ndizo zinazochezewa zaidi. Kiazi kinachotawala ni shangi. Wakulima wanakipenda kwa kuwa hukomaa haraka, kama miezi mitatu, nao wapishi wanakipenda kwa kuwa huiva upesi. Ubaya wake ni kwamba huchipua haraka kikihifadhiwa, na kiazi kilichokaa vibaya hujaa sukari: chipsi zikawa kahawia nje kabla ndani hakujaiva. Ukiona chipsi zenye madoa meusi, usiyalaumu mafuta peke yake.

Mbinu ya vibanda vizuri ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa moto wa wastani hadi kiazi kilainike bila kubadilika rangi, kisha hutolewa na kuachwa kipoe. Mteja anapoagiza, hurudishwa kwenye mafuta makali kwa dakika chache, ngozi ya nje ikakauka na kulia ukiing'ata. Wabelgiji wamejenga sifa yao ya chipsi juu ya mbinu hiyo, na kijana wa Makongeni huifanya kwa sababu inamwezesha kuhudumia foleni. Hapo ndipo mlaji anapotakiwa kufungua macho. Rundo jeupe lililo kando ya karai ni dalili njema, kwa maana linasubiri moto wa pili. Rundo la rangi ya dhahabu lililo ndani ya sanduku la kioo, chini ya balbu, limeshamaliza safari yake. Balbu huzipa joto bila kuzirudishia ukavu, na mvuke uliofungiwa humo huzilegeza. Mimi husema tu, "Kijana, nikaangie mpya, nitangoja." Wengi hukubali, na wachache hununa.

Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka ng'ambo vikiwa vimegandishwa, na shehena ikachelewa. Wakenya walikasirika, wakauliza iweje nchi ya viazi ikose viazi. Hasira ilikuwa ya haki, lakini kiufundi jibu lilikuwa wazi: kampuni ya namna ile inataka kiazi kile kile kila siku, nacho kibanda hukipokea kiazi kilivyo na kumwachia mkaangaji kazi ya kurekebisha. Ndiyo sababu chipsi za kibanda hubadilika kutoka wiki hadi wiki, na ndiyo sababu mkono wa mpishi una thamani huko.

Sasa nyama. Zamani Jumapili ya nyama choma upande huu ilimaanisha kwenda hadi Thika, kwenye hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908 pale maporomoko ya Chania na ya Thika yanapokaribiana. Watu bado wanakwenda, na maporomoko bado ni sehemu ya mlo. Lakini Kamakis, pale Ruiru kwenye barabara ya Eastern Bypass, imewakatia Wanairobi safari katikati. Haina maporomoko. Ina maegesho, moshi, na bucha zilizopangana kiasi kwamba mteja huchagua kwa macho akiwa bado ndani ya gari.

Kamakis ifahamike kama mpango wa kazi. Bucha iko mbele, nyama imening'inia nyuma ya kioo na muhuri wa mkaguzi unaonekana. Unachagua mguu au mbavu, unapimiwa, unalipia kilo, na kipande chako kinakwenda nyuma kwa mchomaji. Hapo ndipo unapojulikana uaminifu. Mguu wa mbuzi wenye mfupa unataka saa nzima na zaidi, juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, ukigeuzwa polepole, chumvi na maji zikinyunyizwa. Mafuta yanayodondoka huchomeka na kurudisha moshi kwenye nyama, na ule wekundu wa kahawia wa nje ndio wenye ladha. Saa nzima ni ndefu kwa mtu mwenye watoto, na Jumapili foleni ni kubwa. Kwa hiyo baadhi ya wachomaji huchemsha nyama kwanza, kisha huipitisha motoni ipate rangi.

Sisemi kuchemsha ni dhambi. Mbuzi mzee hulainika kwa maji kuliko kwa makaa, na supu inayobaki huuzwa. Ila hiyo si choma, na bei isiwe ya choma. Utaijua kwa mambo mawili: imekuja mezani upesi mno, na ukiikata karibu na mfupa ni ya kijivu sawasawa, ikichambuka nyuzi nyuzi, huku ladha ya moshi ikiishia juu juu. Nyama iliyochomwa kweli ina ukingo mgumu na katikati yenye majimaji, na hutofautiana kutoka kipande hadi kipande. Ushauri wangu ni wa kuchosha lakini unafanya kazi: fika saa tano asubuhi, kabla ya watu kutoka kanisani. Makaa huwa mapya, mchomaji hana presha, nawe una muda wa kungoja.

Tukija kwenye bekari, Thika ina uzito wa pekee kwa kuwa mkate wa kiwandani unatoka mlangoni pake. Mkate huo hushinda kwa kukaa. Sukari, mafuta na vihifadhi humfanya mwenye duka aweze kuuza mkate laini siku kadhaa baada ya kuokwa. Bekari ndogo isiyotumia vitu hivyo hutoa mkate mtamu siku ya kwanza na mgumu siku ya pili, kwa sababu wanga huanza kujikaza mara tu mkate unapopoa. Na ukiuweka kwenye friji unaharakisha kukaza huko: baridi ya friji huzuia kuvu lakini huukaza mkate upesi kuliko kabati. Mkate wa gramu 400 pia ni bidhaa ambayo Wakenya huijua bei yake kwa kichwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuutoza VAT ya asilimia 16, kelele zilikuwa kubwa hadi pendekezo likaondolewa mwezi Juni, kabla mswada wote haujatupwa mwezi huo huo. Bekari ya mtaani haiwezi kupigana vita vya shilingi tano tano na kiwanda. Ikijaribu, itafunga.

Ndiyo maana bekari zinazochipuka Ruiru huishi kwa keki. Mkate ni wa kuvuta harufu hadi barabarani wakati watu wanashuka kwenye matatu jioni, lakini faida iko kwenye keki za siku ya kuzaliwa na za ruracio, yaani sherehe ya mahari. Kazi ya mikono nimeiona ikiimarika: sponji zimekuwa nyepesi, krimu imenyooka. Ladha ndiyo imekwama kwenye vanila, chokoleti, red velvet na black forest, ingawa upande wa Thika kuna mashamba ya mananasi ya Del Monte na wauzaji wa mananasi kando ya barabara. Nanasi lina maji mengi, kweli, na likiwekwa bichi hulowesha sponji, lakini likipikwa na sukari hadi likauke linakubali kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni kuuza keki kwa kilo. Kipimo hicho ni rahisi kwa mteja anayepiga simu, lakini humtuza muokaji kwa uzito. Sponji iliyofura vizuri ni nyepesi na iliyoshikamana ni nzito, na gamba la fondanti la kupambia juu lina uzito kuliko krimu iliyopigwa ikajaa hewa. Bekari mbili zinaweza kukuuzia kilo mbili kwa bei moja, moja ikalisha watu ishirini na nyingine ikabakiza ganda la sukari ambalo watoto wamelibandua na kuliacha sahanini. Kabla hujaweka arbuni, uliza kilo hizo zinapimwa kabla ya mapambo au baada yake.