Mstari wa Chini

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu kushuhudia somo la mfano. Manila za rangi ukutani, makundi sita, kila kundi na "chanzo" chake, na wanafunzi wakisimama kwa zamu kutaja sababu za Vita vya Maji Maji. Wageni wakapiga makofi. Nikaomba karatasi moja: aya ya kitabu cha kiada, imekatwa kwa mkasi na kubandikwa jina "Chanzo B". Kukariri kulekule, kumevishwa kanzu ya Idi.

Somo zuri lina vyanzo viwili, vitatu vikizidi. Kitabu cha kiada huitwa kama shahidi mwingine yeyote. Kipindi kikiishia kwa nukuu ubaoni, kimeharibika.

Hayo hata mgeni atayaona. Asiloliona ni macho ya mwanafunzi. Karatasi ikitua mezani, yanatua wapi? Aliyefundishwa vizuri hushuka kwanza kwenye kile kimstari cha chini: nani kaandika, lini.

Mpe maandishi ya von Götzen kuhusu Maji Maji. Anayeanzia juu atameza habari za waganga na dawa. Anayeanzia chini anakuta 1909, na jina la aliyekuwa gavana wa Kijerumani vita vilipolipuka 1905. Anasoma akijua huyu ana la kujitetea. Kisha mpe simulizi za wazee walizokusanya wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka 1968. Usishangilie kwa kuwa ni za kwetu. Zaidi ya miaka 60 imepita, uhuru umepatikana, na mzee anaongea na kijana msomi. Shamba la pamba alilolimishwa analikumbuka. Umoja wa makabila je, aliuona, au aliusikia redioni?

Mwalimu wangu alitukunjisha karatasi ili mstari ule ufichike. Tukibishana hadi sauti kukauka, ndipo aseme, "Fungueni." Kimya! Karatasi zenyewe za stensili, zikinuka wino; siku hizi kuna fotokopi safi na hakuna anayekunja kitu. Nimemwona mwalimu aliyeukata mstari huo ili kubana karatasi. Mwingine alijitungia "barua ya mzee wa Kilwa", akasifiwa kwa ubunifu.

Ukialikwa kukagua somo la historia, ziache manila. Gawa karatasi, kaa kimya, tazama macho. Yakianzia juu, hapo hapajafundishwa historia.